Majeraha ya Kinywa Anayojitia Mtu Mwenyewe: Kuyatambua, Kuyatibu na Hukumu Zake

SWALI:

Mwanangu ana miaka 7. Juzi alichomwa sindano ya ganzi akang'olewa gego la chini. Tuliporudi nyumbani hakulia wala hakulalamika, nikamwacha acheze. Asubuhi mdomo wa chini umevimba na kwa ndani una utando mweupe unaoelekea umanjano. Bibi yake anasema ni usaha, ukamuliwe. Jirani anasema daktari kamharibu mtoto. Nifanye nini?

Jengine, ninaye mdogo wangu wa kike yuko kidato cha tatu. Ana tabia ya kujitafuna mdomo na mashavu kwa ndani mpaka damu inatoka. Ramadhani iliyopita alikuwa akilia, anasema saumu zake zote zimeharibika. Wapo nyumbani wanaosema amepagawa. Tunaomba mtufahamishe, Allaah Awalipe kheri.

JIBU:

Tunaanza na la mtoto kwa sababu ndilo la haraka: usikamue. Huo si usaha, na kwa sifa ulizozieleza daktari hakumharibu. Mtoto amejing'ata mwenyewe wakati mdomo ulikuwa bado una ganzi. Maelezo yanafuata hapa chini. La mdogo wako nalo lina majibu mawili, la tiba na la fiqhi, na yote mawili yana nafuu in shaa Allaah.

Kwa kuwa maswali ya aina hii ni mengi na kila nyumba ina mtoto, mgonjwa au mzee, tumeona tulijibu kwa urefu ili familia iweze kuweka maelezo haya na kuyarejea.

MAJERAHA HAYA NI YEPI?

Ni kidonda, mchubuko au mwungulio wa midomo, ulimi, mashavu, ufizi au kaakaa uliosababishwa na mwenye kinywa mwenyewe. Yanagawika mafungu matatu:

1. Yasiyokusudiwa: kujing'ata wakati wa kula, wakati wa ganzi, usingizini au katika kifafa, kujichoma kwa chakula cha moto, kujitoboa kwa mswaki au kijiti.

2. Ya mazoea: kutafuna midomo na mashavu, kuchokonoa ufizi kwa kucha, kupiga mswaki kwa nguvu, kuweka dawa kali juu ya jino linalouma.

3. Ya kujidhuru: mtu anajiumiza huku akijua, kwa sababu ya dhiki ya moyo au maradhi ya akili. Hapa pia huingia baadhi ya watoto wenye ulemavu wa ubongo, ingawa wao hawakusudii dhara.

Kujua jeraha ni la fungu gani ndiyo nusu ya tiba. Kidonda cha mazoea hakiponi kwa dawa ya kupaka ikiwa tabia yenyewe inaendelea.

ALAMA ZA KULITAMBUA

Kinywa kina maradhi mengi yanayotoa vidonda, na si kila kidonda mtu amejitia. Alama zinazoelekeza huko ni hizi:

- Kidonda kiko mahali meno yanapofika: mdomo wa chini, ubavu wa ulimi, shavu usawa wa pale meno ya juu na ya chini yanapokutana.
- Kidonda cha ufizi kiko mbele, mahali kidole kinapofika kwa urahisi, na mara nyingi ni upande unaofikiwa na mkono anaoutumia zaidi.
- Kinapona anapokuwa na shughuli au akiangaliwa, kisha kinarudi wakati wa mitihani, msiba au ugomvi nyumbani.
- Kina umbo la kitu kilichokisababisha: alama ya meno, ya kucha au ya ncha ya kijiti.
- Mahali pengine pote pa kinywa ni pazima.

Mstari mweupe mwembamba ndani ya shavu, ulionyooka kufuata meno, watu wengi wanao na hauna dhara. Shavu linalotafunwa sana hugeuka jeupe lenye manyonyota, kama ngozi iliyoloa maji muda mrefu. Kwa kawaida haliumi na haligeuki saratani. Lakini doa jeupe au jekundu kwa mtu ambaye hajitafuni, hasa mlaji wa tambuu, popoo, ugoro au mvutaji sigara, hilo lazima lionwe na daktari. Tumbaku na popoo zinajulikana kusababisha saratani ya kinywa, na dalili zake za mwanzo mara nyingi haziumi.

Tanabahi nyingine: mtoto mchanga ambaye bado hatembei, akikutwa amechanika kile kiuzi cha nyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi, msiharakishe kusema kajiumiza. Mtoto wa umri huo huchanika hivyo kwa kulazimishwa kijiko au chupa kwa nguvu, au kwa kupigwa. Apelekwe kwa daktari na iulizwe kwa uwazi nani alikuwa naye. Mtoto ni amana, na kumhifadhi kunatangulia kuficha aibu ya nyumba.

MTOTO ALIYEJING'ATA BAADA YA GANZI

Sindano ya ganzi ya taya la chini hailizi jino peke yake. Mdomo, ulimi na ngozi ya kidevu upande ule navyo hupoteza hisia kwa saa 2 hadi 4, na pengine zaidi. Mtoto anahisi mdomo mnene, mgeni, anaujaribu kwa meno na hapati uchungu wa kumwambia aache. Anaweza kuutafuna kama ubani mpaka ukapasuka, na huku anacheka.

Siku ya pili mdomo huvimba na kidonda hufunikwa na utando mweupe au wa manjano. Utando huo ni gamba la kidonda cha mahali penye majimaji. Nje ya mwili gamba huwa kavu na jeusi, ndani ya kinywa huwa laini na jeupe. Kuukwangua au kuukamua ni kufungua kidonda upya na kuingiza vijidudu vya mikononi.

Fanyeni hivi:

- Siku ya kwanza, wekeni kitambaa chenye maji ya baridi au barafu iliyofungwa kitambaani juu ya mdomo kwa nje, dakika 10, mara kadhaa.
- Mpeni paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito wake. Msimpe aspirini, watoto na vijana chini ya miaka 16 hawapewi isipokuwa kwa amri ya daktari.
- Akiweza kusukutua bila kumeza, asukutue maji ya vuguvugu yenye chumvi kila baada ya kula: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi moja. Asiyeweza, afutwe taratibu kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji hayo.
- Apakwe mafuta mepesi ya kulainisha kwa nje ili mdomo usikauke na kupasuka.
- Apewe uji, maziwa, mtindi, wali laini. Urojo, achari, ndimu, ukwaju na pilipili vingoje.

Uvimbe huanza kupungua siku ya pili au ya tatu, na kidonda hupona kwa wiki 1 hadi 2. Mrudisheni kwa daktari wa meno ikiwa ana homa, uvimbe unazidi baada ya siku ya tatu, umeshuka taya au shingo, au hawezi kumeza.

Mara nyengine kinga ni nyepesi: mtoto asile chochote cha kutafuna mpaka ganzi iishe, na mtu mzima akae karibu naye akimwangalia mdomo. Muulizeni daktari kabla ya kuondoka ganzi itakwisha saa ngapi.

MTOTO MCHANGA NA MENO YA MAPEMA

Baadhi ya watoto huzaliwa na jino au huota katika mwezi wa kwanza. Si mkosi wala si uchuro. Ni jambo la maumbile. Tabu yake ni kwamba ulimi unapotoka kunyonya hukwaruzwa chini yake na jino hilo mpaka ukafanya kidonda, mtoto akakataa ziwa na akapungua uzito. Daktari hulilainisha makali jino, na likiwa linalegea kiasi cha kuhofiwa kumezwa na kumpalia mtoto, hulitoa. Msiling'oe nyumbani kwa uzi wala kwa kucha. Damu ya mtoto wa siku za mwanzo haigandi vyema, na daktari huhakikisha kwanza kuwa amepata sindano ya vitamini K.

Na msipake asali kwenye kidonda cha mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1. Asali ina kheri nyingi, lakini kwa umri huo inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli mpaka mtoto akashindwa kupumua.

DAWA ZA NYUMBANI ZINAZOUNGUZA

Visiwani kwetu hili ni la kuzingatia sana. Jino linapouma usiku, mkono wa kwanza huenda kwenye mafuta ya karafuu. Karafuu ni dawa kweli: sehemu kubwa ya mafuta yake ni kitu kiitwacho yujenoli, na madaktari wa meno wenyewe hukitumia. Lakini wao hutumia kidogo, mahali maalumu. Mafuta mabichi yakimwagwa kwenye ufizi na shavu huunguza, nyama ikageuka nyeupe na kumenyuka. Mgonjwa akidhani maumivu ni ya jino, huongeza mafuta.

Mwenye kuyatumia atie tone moja kwenye pamba, aliguse tundu la jino tu, kisha atoe na amwone daktari kesho yake. Chupa iwekwe mbali na watoto: mtoto mdogo akimeza kijiko kimoja au viwili vya chai anaweza kupata degedege na kudhurika ini.

Vibaya zaidi ni kuweka kidonge cha aspirini kati ya shavu na jino. Aspirini hutuliza maumivu ikishamezwa na kuingia katika damu. Ikikaa shavuni ni tindikali, na inaunguza. Kadhalika maji ya betri, petroli, dawa ya kufulia na ugoro. Hivi havimtoi mdudu wa jino, kwa kuwa hakuna mdudu. Kuna tundu lililooza linalohitaji kuzibwa au kung'olewa.

Aliyejiunguza asukutue kwa maji mengi safi mara nyingi, ateme. Aliyemeza dawa ya kufulia, maji ya betri au magadi asitapishwe, kwa sababu kinarudi kikiunguza njia kwa mara ya pili. Apelekwe spitali upesi pamoja na chupa yenyewe.

MSWAKI, KIJITI NA KUCHA

Kupiga mswaki ni sunna na ni usafi, na jambo jema huharibika kwa kupindukia. Mswaki mgumu ukisuguliwa kama mtu anayesugua sufuria huusukuma ufizi chini na kuchimba jino shingoni, likaanza kuuma kwa maji ya baridi. Mswaki wa mti nao utafunwe ncha mpaka nyuzi zilainike, ukatwe ncha inapochakaa, na upitishwe taratibu.

Mtoto asikimbie wala asipande ngazi akiwa na mswaki, kijiti cha lambalamba au kalamu mdomoni. Akianguka, kitu hicho huchoma kaakaa, na nyuma pembeni ya koo kuna mshipa mkubwa wa damu uendao kwenye ubongo. Jeraha linaweza kuonekana dogo. Hata hivyo aonwe na daktari siku hiyo hiyo, na aangaliwe siku 3: akilegea upande mmoja, akitapika, akilala usingizi usio wa kawaida au shingo ikivimba, ni dharura. Kitu kikibaki kimechomeka msikichomoe. Mwacheni nacho mpaka spitali.

Kuchokonoa ufizi kwa kucha au pini huanza na mwasho mdogo, pengine mwiba wa samaki uliokwama, halafu huwa mazoea. Ufizi wa jino moja unashuka huku mengine mazima. Daktari wa meno akisafisha ukoga na kutoa kilichokwama, mwasho huondoka, na wengi huacha hapo hapo.

Kijipu laini chenye maji, cheupe au cha buluu, kinachotokea mdomo wa chini baada ya kujing'ata, ni kijifereji cha mate kilichopasuka. Msikitumbue. Kinajaa tena. Kisipokwisha chenyewe kwa wiki chache, daktari hukitoa kwa upasuaji mdogo.

KIFAFA NA ULEMAVU WA UBONGO

Mwenye kifafa mara nyingi hujing'ata ubavu wa ulimi. Watu wengi wanadhani wajibu wao ni kumtia kijiko au kitambaa kati ya meno. Hilo ni kosa linalovunja meno, kupalia na kumng'ata mwokoaji vidole. Mtieni kitu laini chini ya kichwa, ondoeni vitu vigumu karibu, mlazeni ubavu mtikiso ukipungua ili mate na damu vitoke, na tazameni saa. Ukipita dakika 5, au ukirudia kabla hajazinduka, apelekwe spitali. Ulimi mtautazama baadaye. Kinga ya ulimi wake ni kumeza dawa za kifafa kila siku bila kukatiza.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo au usonji anayeanza ghafla kujing'ata au kujipiga mdomo, huenda anasema kitu asichoweza kukitamka. Kwanza tafuteni maumivu: jino bovu, sikio, kiungulia, choo kigumu. Ikiwa hakuna, daktari wa meno anaweza kumtengenezea kifuniko laini cha meno. Kumfunga mikono na kumchapa kunazidisha.

Wapo pia watoto wachache wanaozaliwa hawahisi uchungu, na wapo wavulana wenye maradhi ya kurithi yanayowafanya watafune midomo na vidole vyao mpaka nyama ikatoke, ingawa wao wenyewe hulia na kuomba wazuiwe. Mtoto anayejiuma vibaya tangu meno ya kwanza, bila sababu nyingine, apelekwe kwa daktari bingwa wa watoto mapema.

ANAPOJIUMIZA KWA DHIKI YA MOYO

Sasa tunarudi kwa mdogo wako. Kutafuna midomo na mashavu wakati wa wasiwasi ni jambo la kawaida kwa vijana na watu wazima. Wengi hawajitambui mpaka waonje damu. Kwa kiwango hicho ni mazoea, na hutibika hivi:

- Amwone daktari wa meno kwanza. Jino lenye ncha kali au lililopinda hutengeneza ngozi inayoning'inia, na ngozi hiyo ndiyo inayoyaita meno.
- Ajue wakati wake: akisoma, akiwa kimya peke yake, akigombezwa? Kwa wiki moja aandike kila anapojikuta anatafuna.
- Badala ya kutafuna, afunge midomo huku meno yameachana na ulimi umepumzika juu. Meno yasiyogusana hayang'ati. Anaweza pia kutafuna bazoka isiyo na sukari mchana usio wa saumu.
- Walio nyumbani wasimkemee kila mara kwa kumwambia "acha mdomo!" Aibu ni wasiwasi mwingine juu ya ule wa kwanza. Ishara ndogo ya siri aliyokubaliana na dada yake inatosha.

Lakini ikiwa anajikata kwa wembe, anajichoma ulimi kusudi, anaficha vidonda, halali, hali, amejitenga, au anatamka kuwa amechoka na maisha, hapo si mazoea tena. Muulizeni kwa upole na kwa uwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumwuliza hakumtii fikra hiyo. Mara nyingi humpa mlango wa kusema. Asiachwe peke yake, na wembe na dawa viondolewe karibu. Mpelekeni spitali siku hiyo hiyo. Unguja ipo Spitali ya Mnazi Mmoja na ile ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu. Pemba anzieni spitali iliyo karibu nanyi, Wete, Chake Chake au Mkoani.

Ama kusema amepagawa: hatukatai kusomewa ruqya ya Qur-aan na dua zilizothibiti, na ndani yake mna utulivu. Lakini kisomo hakizuii daktari, na daktari hazuii kisomo. Kinachokatazwa ni kumfungia ndani, kumpiga kwa madai ya kumtoa jini, kumfukiza moshi mpaka akakosa pumzi, au kumpeleka kwa mganga mpiga ramli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya moyo nayo ni maradhi.

HUDUMA YA KWANZA KWA DAMU YA KINYWA

Kinywa kina damu nyingi, na ikichanganyika na mate huonekana kama ndoo. Tulieni.

1. Akae wima, ainame mbele kidogo, ateme. Asilale chali.
2. Nawa mikono. Kunja kitambaa safi au bandeji, bana mahali panapotoka damu kwa dakika 10 kamili bila kufunuafunua. Mdomo ubanwe ndani na nje kwa vidole viwili. Ulimi ushikwe kwa kitambaa.
3. Ikiendelea, rudia dakika 10 nyingine ukiwa njiani kuelekea spitali.
4. Msitie majivu, kahawa, chumvi kavu, spiriti wala tumbaku.

NENDENI SPITALI SIKU HIYO HIYO IKIWA:

- Damu haikatiki kwa kubanwa, au anatumia dawa za kuyeyusha damu.
- Mdomo umepasuka mpaka nje, au mpasuko umevuka mpaka wa wekundu wa mdomo na ngozi.
- Kidonda kimeachana, au kipande cha ulimi kinaning'inia.
- Anapumua au kumeza kwa shida, au sakafu ya kinywa imevimba.
- Kilichomchoma ni chuma au mti mchafu, na chanjo yake ya pepopunda haijulikani.
- Mtoto ameuma waya wa umeme au wa chaji. Hapa damu inaweza kufumka siku 5 hadi 14 baadaye gamba linapobanduka. Wazazi wafundishwe kubana.

Na kanuni ya jumla: kidonda chochote cha kinywa kisichopona kwa wiki 2, hata kama hakiumi na hata kama mwenyewe ana hakika kuwa alijing'ata, kionwe na daktari.

HUKUMU ZA KISHARIA

Saumu. Damu ikitoka ndani ya kinywa bila kumezwa, saumu haikuharibika. Mfungaji anatakiwa aiteme na aoshe kinywa. Akiimeza kwa kusudi ilhali anaweza kuitema, saumu ya siku hiyo imeharibika na atailipa. Iliyompita bila kukusudia baada ya kujitahidi kutema, hana juu yake kitu. Kwa hiyo mdogo wako asihukumu kuwa Ramadhani nzima imepotea. Siku ambayo ana yakini alimeza kwa kusudi, ailipe. Ambayo ana shaka nayo, asli ni kuwa saumu yake ni sahihi, wala asifungue mlango wa wasiwasi, kwa sababu wasiwasi huo ndio unaomfanya atafune zaidi.

Kusukutua kwa maji ya chumvi mchana wa Ramadhani kunafaa bila kuzidisha wala kumeza. Sindano ya ganzi ya jino, wengi katika wanazuoni wa zama hizi wanaona haifunguzi kwa kuwa si chakula wala haichukui nafasi yake. Mwenye kutaka salama aende usiku, maadamu kuchelewa hakumdhuru. Vidonge vya kumeza vinafunguza. Mgonjwa anayevihitaji mchana amepewa ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Wudhuu. Katika madhehebu ya Imam Shaafi'iy, ambayo ndiyo ya wengi visiwani, damu ya kinywa haivunji wudhuu. Kwa Mahanafi huvunja ikiwa imeyashinda mate. Ama kusukutua katika wudhuu, kwa Mashaafi'iy ni sunna, hivyo mwenye kidonda kinachoumia kwa maji anaweza kuliacha au kulifanya kwa wepesi.

Swalah. Damu ikimjia ndani ya Swalah asiimeze. Aiteme katika kitambaa kwa harakati chache. Iliyo kidogo kutokana na jeraha lake mwenyewe inasamehewa.

Dhambi. Mwili ni amana, na kujidhuru kwa kusudi kumeharamishwa. Lakini mtoto, aliyelala na aliyeondokewa na akili hawaandikiwi, na mwenye kushindwa na maradhi hahesabiwi sawa na mwenye kufanya kwa hiari. Kumwambia mgonjwa kuwa ana dhambi kabla ya kumwuliza kinachomsibu ni kumwongezea mzigo, naye ni mhitaji wa mkono.

MUHTASARI

Mtoto wako asikamuliwe. Mpe maji ya chumvi, chakula laini na subira ya wiki 1 au 2. Mdogo wako amwone daktari wa meno, akae na mtu anayemwamini amsikilize, na kama mna hofu juu ya nafsi yake msingoje kesho. Saumu zake asizilie.

Tunamuomba Allaah Awape shifaa wote wawili na Aihifadhi nyumba yenu.

Na Allaah Anajua zaidi.